Kichwa Kilichoitikia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, ghafla, kama mtu aliyemwaga beseni. Nami leo nimeanza kukaa meza ya mbele. Miaka sita nimekaa chumba cha nyuma cha duka hili la miwani, nikikaza skrubu za fremu na kubadilisha vishikio vya pua, nikitazamana na Fundi anayesaga vioo. Dada wa mapokezi amejifungua na hatarudi, basi Mama mwenye duka akaniambia, "Nenda wewe mbele. Sura yako haina makeke." Sijui kama hiyo ni sifa.

Nimenunua daftari hili kwa ajili ya kazi mpya. Kwanza niandike jambo moja lisije likasahaulika: mimi si mtu wa aibu. Nilikuwa nayo shuleni, nikaiacha huko huko. Sasa mimi ni mtu wa maneno machache tu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Na Fundi naongea siku nzima, muulizeni.

Fundi mwenyewe amenisindikiza mpaka mlangoni mwa chumba cha nyuma, hatua nne kamili. Akasema, "Jirani, ukifika huko ng'ambo utuandikie." Ananiita jirani kwa sababu meza zetu zilikuwa zinapakana.

Jumatano, 5 Machi

Wateja kumi na mmoja. Wote nimewahudumia vizuri. Kila anayeingia miwani yake inashika ukungu, anaifuta kwa shati, anaikwaruza. Mvua hii inatuletea kazi.

Jumanne, 11 Machi

Jioni kabla ya kula, binti wa dada yangu alicheza duka la miwani. Ana miaka minane. Mama yake akawa mteja, yeye akawa mimi. Akauweka mkono wa kushoto shingoni, chini ya sikio, akaanza kuitikia kwa kichwa, chap, chap, chap, kama kuku anayedonoa.

Dada akamwambia, "Naomba miwani." Akaitikia.

"Miwani yenu mbovu." Akaitikia.

"Wewe ni punda." Akaitikia, akatabasamu huku akitazama sakafu.

Dada alicheka mpaka akashika ubavu. Nikasema, "Mama mdogo hayuko hivyo."

"Uko hivyo hivyo," dada akajibu. "Hata sasa hivi."

Kweli mkono wangu ulikuwa shingoni. Lakini nilikuwa najikuna. Msimu huu mbu ni wengi.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja bibi mmoja mstaafu, amekuwa mkunga miaka thelathini na tano. Mrefu, mkavu, sauti ya kuamrisha. Akanitazama akasema huenda ni yeye aliyenipokea duniani, maana nina sura ya mtoto aliyechelewa kulia. Watu wote waliokuwa kwenye benchi walicheka, hata mimi.

Akaniambia mara mbili kwamba jicho lake bovu ni la kulia; la kushoto bado linamsomea magazeti. Daktari akampima. Daktari ni binti wa Mama mwenye duka, amemaliza chuo mwaka jana. Ni mpimaji wa macho, si daktari, lakini wote tunamwita hivyo na yeye anaitika. Fomu ilipotoka nikaona namba kubwa, ile ya kioo kinene, imeandikwa upande wa jicho la kushoto. Nikarudi nayo mlangoni kwake, nikamwuliza. Akasema iko sawa. Nikampelekea Fundi.

Alhamisi, 20 Machi

Maji yameingia chini ya mlango. Fundi amepanda juu ya meza yake na kukaa kama sultani, akituamrisha tulete vitambaa.

Jumamosi, 22 Machi

Bibi Mkunga amechukua miwani yake. Alitembea nayo dukani mara mbili, akasema sakafu inapanda. Daktari akamwambia macho huzoea baada ya wiki moja. Bibi alibaki na wasiwasi kidogo, mimi nikamtuliza. Ameondoka.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimejiona.

Mteja mmoja alisahau mwavuli wake hapa jana, na leo haupo. Mama akatuita ofisini, mimi na Fundi na Daktari, tutazame kamera ya ulinzi tujue nani ametoka nao. Kamera iko juu ya kabati la fremu, inaitazama meza yangu kutoka ubavuni. Picha inakuja bila sauti.

Mama akarudisha nyuma, akapeleka mbele, na hapo akatokea mwanamke amesimama nyuma ya meza yangu. Wazo langu la kwanza lilikuwa: huyu ni nani, na amekosa nini hata asimame hivi? Mabega yameingia ndani. Mkono wa kushoto uko shingoni. Mbele yake yupo baba mrefu aliyekuja kulalamika kwamba miwani yake imechelewa.

Yule baba nilimkumbuka. Nilikumbuka na nilivyomjibu: kwa heshima lakini bila kuyumba, nilimweleza kwamba vioo vyake havijafika, avumilie mpaka Jumanne. Nilikuwa hata nimejipongeza. Kwenye picha, baba anaongea. Mwanamke anarudi hatua moja, anarudi nyingine, mgongo unagusa kabati. Anaitikia kwa kichwa. Anaitikia tena. Midomo yake ilifunguka mara moja, labda kwa neno, labda kwa kupumua. Baba akaondoka amekunja uso. Mwanamke akabaki anaitikia sekunde nne au tano zaidi, peke yake, akiuitikia mlango.

"Jirani," Fundi akasema, "huo mlango ulikuuliza nini?"

Wote wakacheka, na Mama pia. Mwavuli ulikuwa umechukuliwa na mzee mmoja aliyekuja na mwavuli wake mwenyewe. Alitoka na miwili. Hakuna aliyerudi tena kwenye habari ya yule mwanamke.

Baadaye nilikwenda chumba cha nyuma. Fundi alikuwa anafuta mashine. Nikamwuliza, "Hivi mimi nina aibu?"

Aliendelea kufuta. "Wewe na mimi tunaongea mpaka mate yanakauka. Lakini akiingia mtu wa tatu, mdomo wako unaanza kufikiri, na wakati unafikiri, kichwa kimeshajibu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Mtu na kichwa chake."

Jumatano, 2 Aprili

Nimejaribu siku sita. Nimejaribu kushika kidevu, kukaza shingo, kukaa kwenye kiti kirefu. Jioni namwomba dada ahesabu tukiwa mezani na mgeni. Jana alikuja jirani wa chini, nikakaa nimejikaza kama nguzo, nina hakika sikuitikia hata mara moja. Mgeni alipoondoka dada akasema, "Ishirini na mbili."

Ni kama kuambiwa unakoroma. Utakataa vipi? Wewe hukuwepo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Wateja wanne.

Jumanne, 15 Aprili

Mtoto wa Bibi Mkunga amekuja dukani. Ni mtu mzima, mwalimu, nywele zimeanza mvi. Hakupaza sauti. Aliweka miwani juu ya meza yangu, kioo kimoja kina ufa, akasema mama yake ameanguka kwenye ngazi za mlangoni kwake. Ngazi tatu tu. Ameishi na ngazi hizo miaka arobaini. Amevunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji, na daktari wa macho wa pale hospitali ameipima miwani: kioo cha kulia kimewekwa kushoto, cha kushoto kimewekwa kulia.

"Alikuwa anasema sakafu inapanda," akaniambia. "Sisi tukamwambia azoee. Tuliambiwa na duka kwamba atazoea."

Mama akatoka ofisini, akampa kiti, akamwahidi atajua nani amekosea. Mwalimu akasema hataki pole, anataka kujua.

Nimefika nyumbani nimefungua daftari hili kwenye tarehe 14 Machi. Imeandikwa kwa mkono wangu: "Nikarudi nayo mlangoni kwake, nikamwuliza. Akasema iko sawa." Nilishusha pumzi. Kisha nikataka kukumbuka nilimwuliza kwa maneno gani.

Naukumbuka mlango. Namkumbuka Daktari amebana simu kati ya sikio na bega, anaandika kitu. Aliniona nimesimama na fomu, akainua nyusi, akasema, "Iko sawa, sivyo?" Ni yeye aliyesema. Hata si jibu, ni swali, aliniuliza mimi. Nami nilikuwa na sentensi yangu tayari, naikumbuka yote: Daktari, bibi amesema jicho bovu ni la kulia. Nimeitafuta mahali ilipotoka. Nimejaribu kusikia sauti yangu ikiitamka. Siisikii. Nasikia mvua, nasikia Daktari akirudi kwenye simu yake.

Niliandika kwamba nimemwuliza, na sikuwa nadanganya. Nilipoandika niliamini.

Jumatano, 16 Aprili

Tulikaa ofisini saa tatu asubuhi, kabla duka halijafunguliwa. Mama nyuma ya meza, Daktari pembeni yake, mimi na Fundi tumesimama. Mama alikuwa na fomu mkononi.

Niliijua fomu niliyoibeba mimi. Ilikuwa na tone la maji pembeni, tarehe ilikuwa imechuruzika, kwa sababu siku ile bibi aliingia na maji yote ya barabarani. Fomu ya mkononi kwa Mama ilikuwa kavu, safi, mwandiko wa Daktari umetulia. Namba kubwa ilikuwa kulia, mahali pake.

"Fundi," Mama akasema, "hapa imeandikwa kulia. Wewe ulisaga kushoto."

"Mama, mimi nasaga kilichoandikwa. Niliyopewa ilikuwa kushoto. Si hiyo."

"Iko wapi hiyo nyingine?"

"Niliirudisha kwenye faili, kama kawaida."

Mama alimtazama binti yake. Daktari akasema, "Kwenye faili kulikuwa na hii tu," akitazama kalamu yake. Wakati ule nilimwona msichana jeuri. Sasa hivi ninavyoandika naona mikono yake: alikuwa anaifunika kalamu na kuifunua, anaifunika na kuifunua.

Mama akanigeukia. Mama si mtu mbaya. Ndiye aliyenipa kazi nikiwa sina hata cheti. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Wewe ndiye uliyeibeba. Sema ukweli, mwanangu. Fomu uliyompelekea Fundi ndiyo hii?"

Tangu alfajiri nilikuwa na sentensi moja. Nimeisema bafuni, nimeisema njiani chini ya mwavuli: Hapana, Mama, hiyo si yenyewe. Nilipoulizwa, niliisikia. Naapa niliisikia neno kwa neno, ndani, safi, kama redio. Nikaona nimemaliza, nikahisi hata nafuu ya mtu aliyetua mzigo.

"Basi," Mama akasema. "Imetosha."

Nilidhani ameniamini. Nikamgeukia Fundi, nikitegemea atanikonyeza kama kawaida yake. Alikuwa ananitazama kana kwamba mimi ni mtu aliyekuja kuuliza njia. Daktari alishusha pumzi, nikaisikia pumzi yenyewe. Ndipo nikaujua mkono wangu uko wapi, na shingo yangu ilikuwa inafanya nini.

"Si mimi," nikasema, au nilitaka kusema. Mama alikuwa ameshasimama.

Fundi alifungasha kwa muda mfupi: aproni, kopo lake la chai, kipande cha ngozi anachong'arishia vioo. Nilisimama mlangoni pa chumba cha nyuma. Akachukua mifuko miwili ya nailoni akavisha viatu vyake, kwa sababu ya tope, akifunga fundo kwa utulivu kama mtu anayekwenda sokoni. Aliponipita akasema, "Nimekuona, jirani."



Ijumaa, 18 Aprili

Jana nilikwenda ofisini kwa Mama kumwambia. Nilibisha hodi, nikaingia, nikasimama. Akaniangalia usoni akasema, "Huonekani mzima. Unaumwa? Unataka ruhusa?"

Ndiyo maana leo niko nyumbani.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeandika barua. Kwa kalamu mimi sina woga wowote, kalamu haina shingo. Kurasa mbili. Nimeeleza fomu, tone la maji, mlango wa Daktari, kila kitu. Nimeandika kwamba pale ofisini sikukubali, ni kichwa. Nimeifuta sentensi hiyo mara tatu kwa sababu inasomeka kama utani, mwishowe nimeiacha. Nimempa Mama mkononi, nikatoka upesi.

Dada ameisoma kabla. Akasema, "Hii ni nzuri. Lakini atakuita umweleze kwa mdomo."

"Ndiyo maana nimeandika."

"Najua," dada akasema. "Ndiyo maana nakuambia."

Alhamisi, 24 Aprili

Aliniita.

Barua ilikuwa mbele yake, ameikunjua vizuri na kuibana na kikombe. Akanikaribisha kiti. "Nimesoma," akasema. "Mara mbili. Wewe na Fundi mmefanya kazi pamoja miaka mingi. Alikuwa kama kaka yako."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa hilo niliitikia kwa kujua kabisa.

"Inakuuma kumwona ameondoka."

Kweli tena.

"Ungefanya lolote arudi."

Hapo nilianza kuona anakonipeleka. Nilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani, anajua ya mwisho iko karibu na miguu haisimami. Nilifungua mdomo. Mama akaegemea mbele, akanishika mkono, mkono wake wenye joto, akasema kwa huruma ya kweli, "Kwa hiyo umeandika haya kwa kumwonea huruma. Sivyo, mwanangu?"

Sitaandika kilichofuata. Kinajulikana.

"Una moyo mwema," akasema, na barua akaitia kwenye droo.

Nilipokuwa natoka, Daktari alikuwa amesimama kwenye ujia, amejibanza ukutani na faili kifuani. Uso umemshuka, wiki hizi amekonda. Akaninong'oneza, "Asante." Nilitaka kumwambia sikufanya kwa ajili yako, sikufanya kabisa. Alinitazama kidogo, akaona jibu analolitaka, akaingia chumbani kwake. Nimekuwa nikimchukia tangu siku ile ya kikao. Leo nimeona anamwogopa mama yake kuliko anavyoogopa uongo, na kila sentensi anaimalizia kwa "sivyo?" ili mwingine ambebee. Akanipata mimi.

Jumamosi, 3 Mei

Fundi mpya amekuja. Haongei. Mvua haikati.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimekaa saa nzima kwenye kituo cha basi karibu na hospitali. Nimerudi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeingia.

Wodi ya mifupa ina vitanda kumi na viwili, na Bibi Mkunga yuko cha mwisho, kando ya dirisha. Amepungua nusu. Mguu umeinuliwa, nywele zimesukwa na mtu asiyejua kusuka. Nilisimama miguuni pa kitanda.

"Umekuja kuniona mimi?" akauliza.

Akasubiri. Kisha akasema, "Kama unaitikia kwa kichwa, unajichosha bure. Sina miwani. Hapo uliposimama naona ukungu umevaa gauni. Sema kwa mdomo."

Sikumbuki nimewahi kuambiwa hivyo na mtu asiyenikasirikia. Nikasema, "Ni mimi, Bibi. Wa duka la miwani. Wa mezani." Sauti ilitoka mbovu, imekwaruza, lakini ilitoka, niliisikia kwa masikio yangu ya nje, na mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka kunitazama.

"Kaa."

Nikakaa, nikamwambia yote. Ilichukua muda. Mara nyingi nilikwama, na yeye alisubiri bila kunihimiza, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza maisha yake akisubiri watu wengine wasukume. Nilimwambia habari ya fomu, mlango, kikao, Fundi na mifuko yake ya nailoni. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho, nikafikiri sasa atalia au atanitukana. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

Akasema, "Siku ile nilikuuliza wewe."

Sikuelewa.

"Yule binti aliponiambia nitazoea, sikumwamini. Mtoto yule. Nikakugeukia wewe, mtu mzima, nikakuuliza, kweli nitazoea? Ukaitikia. Niliona vizuri, jicho la kushoto lilikuwa bado linaona karibu, hata kwa kioo kile. Nikasema basi, huyu anajua kazi, amekaa humo miaka."

Swali lake silikumbuki. Nimelitafuta njia nzima. Kwenye daftari imeandikwa tu kwamba nilimtuliza.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilijua namba imekaa vibaya."

"Basi ulijua."

Hakunigombeza. Aliniomba nimsogezee maji, nikamsogezea, akanywa kidogo, akasema mwanawe atakuja jioni na atamwambia. Kisha akageuzia uso dirishani, kule ambako hakuona kitu, nami nikajua nimeagwa.

Alhamisi, 15 Mei

Mwalimu amekuja na kuongea na Mama mlango ukiwa umefungwa. Saa nzima. Baadaye Daktari akaitwa, na tulimsikia kutoka mbele. Fomu ya kwanza aliichana siku aliyosikia bibi ameanguka, akaandika nyingine. Alilia kama mtoto, akisema alitaka kusema kila siku.

Mimi niliitwa mwisho. Mama alikuwa amezeeka kwa asubuhi moja. Barua yangu ilikuwa mezani tena.

"Uliniandikia ukweli," akasema. "Nikakuuliza uso kwa uso, ukaukana. Mimi nikushike kwa lipi?"

Nilitaka kumwambia sikuukana, alinifunga kwa huruma yake na mimi nikashindwa kujifungua. Nikamwambia, "Sijui, Mama." Hilo angalau lilisikika.

Hakunifukuza. Amenirudisha chumba cha nyuma.

Ijumaa, 16 Mei

Mama amempigia Fundi kumwomba msamaha na kumrudisha kazini. Amekataa. Amepata karakana ya vioo mji mwingine, anahama mwisho wa mwezi. Nilimwuliza Mama kama alisema lolote. Alisita, kisha akanipa kama lilivyo: "Kazi haina shida. Shida ni kukaa tena mkabala na yule."

Jumanne, 27 Mei

Kaza skrubu. Badilisha kishikio. Wamemwajiri msichana wa mbele, anacheka na wateja kwa sauti, nasikia mpaka huku. Binti wa dada ameacha kucheza duka. Dada kamkataza, nadhani, wala sikuomba.

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya tano bila mvua. Barabara imekauka, vumbi limeanza kuingia kwenye mashine.

Saa ya chakula simu yangu iliita, namba ya Fundi. Fundi mpya alikuwa ametoka. Nilikuwa peke yangu, nimekaa kwenye stuli yangu, kiti chake cha zamani kiko mbele yangu.

"Jirani," akasema.

Niliposikia neno hilo machozi yalinitoka, lakini hayo hayasikiki kwenye simu.

"Nilipita kumuaga Bibi Mkunga kabla sijahama. Kaniambia ulikwenda mwenyewe, hukutumwa na mtu. Ni kweli?"

Nilidhani nimeshajibu.

"Haloo? Upo?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilikwenda."

"Sawa." Alivuta pumzi. "Mimi nilikukasirikia sana. Lakini kadiri siku zilivyokwenda nilianza kukutetea, unajua? Nikajiambia, huyu namjua, huyu si mwongo, ni kile kichwa chake. Mama alimuuliza haraka. Mbele za watu. Kwa hilo nimekusamehe, nataka ulijue. Nimepiga kwa sababu bibi kasema neno jingine na halijanitoka. Ile fomu, siku uliyoiweka mezani kwangu. Ulikuwa umeshaona kwamba namba imekaa vibaya?"

Nilihisi shingo yangu ikianza. Kwa mara ya kwanza nilihisi, misuli miwili nyuma ya masikio, kama mtu anavyohisi chafya inakuja. Nilikiacha kichwa kifanye kinachotaka. Hakuna aliyekiona.

"Ndiyo," nikasema.

"Ulijua nasaga kioo cha makosa."

"Ndiyo."

Nyuma yake mashine ilikuwa inazunguka, si kama yetu, nyepesi zaidi. 

"Ungeniambia mimi," akasema. Hakuwa na hasira. "Wewe na mimi tulikuwa tunaongea."

Kuna mtu alimwita huko aliko. Akasema kazi inamngoja, akaniambia nibaki salama, akakata.

Nimekaa na simu mkononi mpaka fundi mpya akarudi. Ni kweli, tulikuwa tunaongea. Na Ijumaa ile ya tarehe kumi na nne sikumwekea fomu na kuondoka. Dukani hapakuwa na mteja, nikavuta stuli, nikakaa karibu robo saa. Alinisimulia paka wa nyumba ya pili aliyeingia ndani akazaa kwenye kapu la nguo zake safi, na jinsi mke wake alivyokataa wasumbuliwe, akamfanya avae shati moja siku tatu. Nilicheka mpaka nikafuta macho. Hapakuwa na mtu wa tatu. Fomu ilikuwa mezani katikati yetu, nikiisoma kutoka upande wangu, juu chini, na namba nikiiona.